Wageni wa Siku ya Kumi na Saba

Siti binti Mgeni alirudi mtaani kwetu Jadida, Wete, mwaka wa hamsini na tisa, mwishoni mwa vuli, na kitu cha kwanza kushushwa garini hakikuwa godoro wala sanduku la nguo. Kilikuwa kabati la mbao lenye miguu minne, kimo cha mtoto wa miaka saba, na taa ya mafuta imening'inia ubavuni. Mtaa mzima tulitoka. Mwanamke aliyeachwa huja na vyungu vyake na uso wake ulionuna. Huyu alikuja na kabati linalonuka mafuta ya taa na tenga la ndege wadogo wenye madoa, wanene kama ngumi.

"Kware," alisema, kabla hatujauliza. "Na hilo ni la kutotoleshea mayai yao. Hawa wa kufuga hawaatamii. Hutaga tu wakaenda zao."

"Kama mama mmoja ninayemjua," akasema Time, jirani wa nyumba ya pili, mwenye ulimi usiopumzika, na sote tukacheka.

Baada ya talaka Siti alikuwa ameishi miaka miwili Chake Chake akilea watoto wa karani mmoja wa Kigoa. Karani akahamishwa, mkewe akamwachia Siti ndege na kabati, na ujuzi wote aliokuwa nao. Basi akarudi kwa kaka yake Mmanga, seremala, aliyekuwa akiishi na mkewe Mwanabaraka katika nyumba ya marehemu baba yao. Siti akaingia chumba cha mbele, alichokuwa akilala mama yake. Chumba kile kina dirisha la barabarani, na Mwanabaraka alikuwa akikitaka siku nyingi aweke meza auzie maandazi pale dirishani. Hata hivyo alimtandikia wifi yake kitanda, akamfukizia udi.

Uzao wa kwanza uliharibika. Siti alitia maji mengi mno kwenye trei za chini, vifaranga wakavimba ndani ya mayai, wengine wakafa wamelowa kama waliozama kisimani. Tulikwenda kumpa pole, tukarudi tukiigiza alivyokuwa amekaa.

Wiki ile ile ikaja posa. Mzee Mbarouk wa Wawi, mwenye wake wawili na jicho moja, alimtaka Siti awe wa tatu. Mmanga alimwambia dada yake ukumbini, mchana kweupe, mbele ya mkewe na mbele yangu mimi niliyekuwa nimekwenda kuazima chujio.

"Simtaki, kaka," akasema Siti.

"Hujamwona."

"Nimemwona. Ndiyo maana simtaki."

Mmanga hakucheka. Alisema nyumba yake si kituo cha watu kungojea maisha yao, na mwanamke wa miaka thelathini hakai chumbani na ndege. Siti akajibu kwamba Abrahman, mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali, amemwahidi kuchukua kware kila wiki kwa ajili ya Wazungu wanaopita, mradi tu wasikosekane. Akipata vifaranga thelathini wa kuanzia, atajilisha mwenyewe na hatamwomba mtu chumvi.

"Basi tufanye hivi," akasema Mmanga. "Tia mayai mengine. Wakitoka thelathini, chumba chako, na mume sitakuletea tena mpaka uniambie wewe. Wasipotoka, nampa Mzee Mbarouk jibu Ijumaa ile ile. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Na wewe umesikia," akaniambia mimi.

Nilisikia. Kufika alasiri, hakuna mtu Jadida ambaye hakusikia.

Siti alikusanya mayai sitini, madogo, ya kahawia na madoa meusi kama yaliyorushiwa wino. Akaondoa yenye ufa, akayapanga. Safari hii alijua alilokosea. Ndani ya kabati mlikuwa na vipimajoto viwili vya zebaki. Kimoja kitupu, cha kupimia joto. Cha pili kimevishwa kitambaa mwishoni, kama kidole kilichokatika, na mkia wa kitambaa umezama kwenye kikombe cha maji. Hicho cha pili ndicho kilichosema hewa ya ndani ina unyevu kiasi gani. Yule mama wa Kigoa alikuwa amekipiga mistari miwili kwa rangi yake ya kucha. Zebaki ikae mstari wa chini siku kumi na nne za mwanzo. Siku tatu za mwisho ipande ifike mstari wa juu, isishuke.

Kwa maneno ni rahisi. Lakini kaskazi ilikuwa imeshika, upepo mkavu unapita chini ya mlango, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Siti akaziba nyufa kwa matambara. Akatundika kanga mbichi dirishani, akailoweka upya kila inapokauka, mpaka Time akawa anauliza barabarani maiti anayeoshwa humo ndani ni nani. Asubuhi na jioni aligeuza mayai, akasoma zebaki, akapunguza au kuongeza maji. Hakutia maji baridi, alitia ya vuguvugu, kwa mrija wa bati unaopita kwenye tundu la ubavuni, ili asifungue mlango bila sababu.

Mlango wenyewe ulikuwa na kasoro. Zamani ulikuwa na kioo cha kuchungulia, kikavunjika garini. Siti alimwomba kaka yake amtilie kingine. Mmanga akasema kioo kinatoka Unguja, akampigilia ubao. Kwa hiyo ukitaka kuona mayai, sharti ufungue.

Katika siku zile zote mtu aliyekaa naye alikuwa Mwanabaraka. Alimchotea maji. Alimshikia taa akisafisha utambi. Aliuliza maswali kama mtoto wa chuoni, na Siti, ambaye nyumba nzima haikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, akamjibu yote. Nilikuwapo siku ya kumi na tano, tunakunywa chai, Siti alipogeuza mayai mara ya mwisho, akajaza trei ya pili, akafunga mlango na kusema sasa basi, haufunguliwi tena.

"Hata kidogo?" akauliza Mwanabaraka.

"Hata kidogo. Kifaranga akishatoboa ganda, anajizungusha humo ndani akate duara. Ile ngozi nyeupe ya ndani lazima iwe laini. Ukifungua, mvuke wote unatoka mara moja, ngozi inakauka, inamganda mwilini. Hawezi kuzunguka. Anakufa pale pale na mdomo nje."

"Na ukifungua mara moja tu, kwa bahati mbaya?"

"Mara moja pengine watavumilia. Ukizidisha, umewaua."

"Maskini," akasema Mwanabaraka, akaongeza sukari kwenye kikombe chake.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Jumatano. Kiasi cha saa tatu asubuhi Siti alitega sikio ubaoni akasikia, akatokea ukumbini ameshika mdomo kama msichana aliyeona posa anayoitaka.

"Wanalia, wifi. Wanatoboa. Wengi."

"Alhamdulillahi," akasema Mwanabaraka. Akavaa buibui lake akatoka.

Alipita nyumba baada ya nyumba. Kwangu ilikuwa kama nyumba ya tatu hivi. Siti anawakaribisha, alisema, kware wake wanatoka leo, njooni mumfurahishe, mkate wa kumimina upo na kahawa ipo. Nani angekataa? Nilijifunga kanga nikaenda. Mkate nilipouona, mkubwa, umepasuliwa vipande, nikajua mchele wake uliloweshwa tangu jana. Nililiona hilo, nikachukua kipande.

Siti alikuwa chumbani, hajui lolote. Aliposikia hodi ya kwanza akatoka, akakuta mikeka imetandikwa na wanawake kumi na moja wamekaa, na wengine wanavua viatu. Hakuuliza nani kawaita. Jadida mtu haulizi hivyo, mgeni akishavuka kizingiti umeshamkaribisha. Akasema karibuni, karibuni sana, na macho yake yakamtafuta Mwanabaraka, ambaye alikuwa anamimina kahawa.

Wa kwanza kutaka kuona alikuwa Bi Bimkubwa, mwalimu wa chuo, aliyemfundisha Siti alifu na bee kwa bakora na kashata. Alikuja na mkongojo wake, taratibu, akasimama mbele ya kabati.

"Vino ndo vyalia humu?"

"Ndivyo, Bi. Shikamoo. Bi Bimkubwa, nilikuwa naomba radhi, kama ingewezekana kesho kutwa, wakishatoka wote..."

"Kesho kutwa n'taijuaje mie, mwanangu? Macho haya yenyewe yaaga."

"Wifi," akasema Mwanabaraka kwa upole, "mtu katoka kwake na mkongojo."

Siti akafungua. Mvuke ulitupiga usoni kama wa sufuria iliyofunuliwa, wa moto, una harufu ya unyoya mbichi. Bi Bimkubwa akainama, akatazama kwa kituo, akasoma dua fupi akawapulizia mayai. Siti akafunga. Niliona akikitazama kipimajoto cha kitambaa kabla mlango haujafungwa. Zebaki ilikuwa inateremka.

Huyo alikuwa mtu mmoja, na mara moja watavumilia.

"Haya, zamu yangu," akasema Time.

"Shoga yangu Time, nakuomba. Hawa wakipata hewa kavu wanakufa. Subiri Ijumaa, nitakuletea mwenyewe mpaka kwako, umpakate."

"Wanakufa kwa hewa? Kuku wa mama yangu akiatamia huinuka kila siku akaenda kula, akanywa maji, akajisugua mchangani, akarudi. Na mayai yanatotoa."

"Kuku ana jasho lake mwenyewe. Hili ni sanduku."

"Sawa. Bi Bimkubwa kaona. Mimi nisione." Time akawageukia wenzake mkekani. "Basi ni kwamba macho yangu mie ndiyo mabaya. Si useme tu, Siti. Sema Time ana kijicho, watu wajue wasinipitishe kwenye watoto wao."

Vikombe vikawekwa chini. Neno lile likishatamkwa mbele ya watu, kuna njia moja tu ya kulifuta. Siti alijua, na sote tulijua kwamba anajua. Angeweza kusimama mbele ya kabati na kusema hapana, na angetukanwa mwezi mzima, na angebaki na chumba chake. Lakini alikuwa amelelewa na Bi Bimkubwa yule yule. Mkono ukaenda kwenye kitasa.

Time akatazama. Akasema mashaallah kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Na aliyefuata atakataliwaje? Akaingia Mwanawema na dada yake. Siti akakimbilia birika, akamimina maji ya moto kwenye mrija huku mlango uko wazi, maji yanamwagika miguuni. "Haraka, jamani, haraka," anasema, na hakuna aliyefanya haraka, kwa sababu kila mmoja anataka kumwona anayetoka, na aliyemwona anataka kumwonyesha mwenzake.

"Wifi, kufungua na kufunga huku ndiko kunakoharibu," akasema Mwanabaraka. "Tuuache wazi waone wote kwa pamoja, tumalize." Akashika mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Wifi, achia."

"Nakusaidia."

"Achia mlango, wifi."

"Unanipigia kelele mbele ya watu, Siti? Mimi?"

Siti akarudi kwenye birika lake.

Mimi nilikuwa wa sita. Niliona mayai karibu yote yana tundu, dogo kama punje ya choroko, na kwenye yai moja mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba. Yule wa pembeni alikuwa ameshakata nusu ya duara. Ile ngozi iliyokuwa imechomoza kwenye ufa nilipoingia ilikuwa inang'aa, imelowa. Nilipompisha Mwanawema aliyetaka kurudia mara ya pili, ilikuwa imebadilika rangi, nyeupe kama ganda la kitunguu.

Zebaki ya kipimajoto cha kitambaa ilikuwa chini ya mstari wa chini. Nilikisoma, kwa sababu Siti alikuwa amenifundisha na mimi.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Mkate ulikwisha. Time alisimulia kisa cha mwanamke wa Gombani aliyemkuta mumewe uvunguni, tukacheka mpaka machozi. Kutoka chumbani sauti za vifaranga zilikuwa zinasikika vizuri, na Bi Bimkubwa akasema wanasoma.

Alhamisi Siti hakufungua. Alimimina maji kwa mrija kutwa, akalowesha kanga, akasubiri zebaki irudi mstari wa juu, na kwa jinsi alivyohisi joto la ubao alisema imerudi. Mchana sauti zilipungua. Jioni palikuwa na moja tu, inalia kwa vipindi. Tulipopita dirishani tulimsikia Siti naye akiijibu, anaigiza mlio wake, kama mama anayeita kutoka chumba kingine.

Ijumaa asubuhi alifungua.

Watatu walikuwa nje. Mmoja mguu umepinda. Waliobaki walikuwa ndani ya maganda yao, midomo imetokeza kwenye matundu, na ile ngozi imewabana shingoni kama gundi ya seremala. Wengine walikuwa bado hai. Siti akakaa sakafuni na bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa, akaanza kuwalowesha na kuwabandua mmoja mmoja kwa kucha. Nyoya zilitoka na ngozi. Mmoja alitoka mzima, akakaa kiganjani, akavuja damu kitovuni, akalala. Wa pili vivyo hivyo. Mwanabaraka alisimama mlangoni akitazama, na mimi nyuma yake, maana nilikuwa nimerudisha chujio.

Mmanga aliingia ameshavaa kanzu ya Ijumaa.

"Wangapi?"

"Watatu."

"Tulisema thelathini."

"Walikuwa hai, kaka. Jumatano walikuwa wanalia wote, kila mtu aliwasikia. Ni ule mlango. Wageni wale..."

"Wageni nani aliwaita?"

"Mimi sikuwaita."

"Haya tena," akasema Mwanabaraka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Watu walikuja wenyewe, na mkate nao ukajipika wenyewe. Nimehangaika na moshi ili aibu isimfike, leo nalipwa haya."

Siti akainua uso. Hakumtazama wifi yake, alinitazama mimi. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka vifundoni, na kifaranga mmoja alikuwa bado anachezesha ukucha ndani ya ganda lake.

"Sema wewe. Nani aliwaalika?"

Mmanga akageuka. Mwanabaraka akageuka. Nyumba ile nilikuwa naingia na kutoka kila siku, nanywa chai yao, nakula futari yao, najua habari zao kabla hazijapoa. Na aliyekuwa akiniwekea birika motoni siku zote alikuwa Mwanabaraka.

"Tulialikwa kwa jina lako," nikasema.

Na ilikuwa kweli, neno kwa neno.

Mmanga akasema amesikia. Akaenda msikitini, na baada ya sala akampa Mzee Mbarouk jibu lake. Siti aliendelea kubandua mpaka alasiri, hata wale ambao hawachezi tena. Kisha akawafunga wote kwenye kanga, akaomba jembe.

Arusi ilikuwa ndogo, wiki iliyofuata. Tulimwimbia. Bwana arusi alisema kwake Wawi hamna nafasi ya makabati, na kware wanatia watu chawa, kwa hiyo vyote vikabaki. Mmanga akaahidi kuvipeleka nafasi na gari vikipatikana.

Mwanabaraka aliweka meza yake dirishani kabla ya mwezi kwisha. Baada ya hapo akatia mayai. Aligeuza asubuhi na jioni, akatundika kanga mbichi, akamimina maji ya vuguvugu kwa mrija. Mumewe alimtilia kioo, kikapatikana Wete hapo hapo. Siku ya kumi na saba tulisikia milio tukiwa barabarani, tukaenda, mimi, Time na Mwanawema, Bi Bimkubwa akiwa mbele. Mwanabaraka akatutokea kizingitini, akasimama katikati ya mlango.

"Leo haiwezekani, jamani. Wanatoka. Njooni Jumapili."

"Hata kwa kioo?" akauliza Time.

"Hata kwa kioo. Chumba hakifunguliwi, upepo unaingia."

Bi Bimkubwa akasema sawa, mwanangu, akageuza mkongojo wake. Hakuna aliyetaja macho ya mtu. Tukarudi makwetu.

Wakatoka hamsini na wawili.

Habari kama ile haikai tumboni. Jumatatu tulipata gari, mimi na Time, tukaenda Wawi kumtembelea Siti. Tulimkuta jikoni, anapikia nyumba ya wake watatu, amekonda, kucha zake nyeusi kwa masizi. Alifurahi. Alitufutia kibao tukae, akauliza hali ya kila mtu mmoja mmoja, mpaka paka. Time hakuweza kungoja.

"Wifi yako katotoa. Hamsini na wawili."

Siti alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kile kifuu kikawa kitupu.

"Katika mangapi?"

"Sitini."

"Maji alitia trei mbili?"

"Mbili," nikasema.

"Na mlango?"

"Hakufungua."

"Mlikwenda lakini. Kutazama."

"Tulikwenda. Akasema haiwezekani."

Akachukua nazi ya pili, akaigonga jiweni mpaka ikapasuka, akakinga maji yake kwenye kikombe.

"Na nyinyi mkaondoka?"

"Tukaondoka," akasema Time.

Siti akatazama ndani ya kikombe, akakipangusa mdomo kwa ncha ya kanga, akatupa sisi tunywe. Kisha akatuambia tusithubutu kuondoka bila kula, wali unakaribia kuiva.